Kupiga picha za anga kwa darubini ukiwa na fedha kidogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila nikionyesha picha ya Zohali niliyoipiga kwa simu, maswali huwa yaleyale, na kila nikijibu husahau jambo moja au mawili. Nimeyakusanya hapa. Naishi Tanga, si mbali na bahari, kwenye nyumba yenye paa la zege ambalo mwenye nyumba ameniruhusu kulipanda usiku. Darubini yangu ni ya mtumba, ya kioo chenye kipenyo cha milimita 114, na nilitoa laki nne na nusu. Kamera ni simu hiihii ninayopigia na kupokelea fedha. Ninayoeleza nimeyafanya kwa vifaa hivyo, isipokuwa pale nitakaposema vinginevyo.

Kweli simu inatosha?

Kwa Mwezi inatosha na kubaki. Kwa Zuhura, Mshtarii na miezi yake minne, pete za Zohali, na vishada vya nyota kama Kilimia, inatosha ukiwa na subira. Kwa wingu la gesi lililo kwenye kundi la Orion, lile ambalo mabaharia wetu wa zamani waliliita Jabari, inatosha kwa taabu. Galaksi za mbali zinahitaji kifaa kinachofuata nyota kwa saa nzima, na hapo ndipo fedha inapoanza kuzungumza.

Watu wengi huanza mwisho. Wameona picha ya nebula, yaani wingu la gesi la angani, yenye rangi za waridi na buluu wakataka ileile wiki ya kwanza. Anza na Mwezi. Uko umbali wa kilomita 384,400 hivi, una mwanga mwingi, hauchagui mji wala kijiji, na kila siku unabadilika.

Ninunue darubini gani?

Angalia mambo matatu: kipenyo cha kioo au lenzi, uthabiti wa stendi, halafu urefu wa fokasi, yaani umbali kutoka kwenye kioo au lenzi hadi pale picha inapokaza. Ukuzaji ulioandikwa kwenye boksi usiuangalie kabisa. Darubini yoyote unaweza kuilazimisha ikuze mara 500. Kinachoizuia ni mwanga inaokusanya, na kipimo cha kawaida ni kwamba mwisho wa ukuzaji wenye faida ni kama mara mbili ya kipenyo kwa milimita. Darubini ya milimita 60 inaishia mara 120 hivi, na hapo hewa iwe imetulia. Boksi lake likikuambia x525, limekuambia kitu ambacho hutakiona kamwe.

Hesabu ya ukuzaji ni rahisi: gawanya urefu wa fokasi wa darubini kwa urefu wa fokasi wa lenzi ya jicho, ile ndogo unayochungulia. Yangu ina fokasi ya milimita 900. Nikiweka lenzi ya milimita 20 napata mara 45, nikiweka ya milimita 10 napata mara 90. Kwa hizo mbili nimepiga karibu kila picha niliyo nayo.

Kwa fedha kidogo, chaguo langu la kwanza ni darubini ya kioo yenye kipenyo cha milimita 114 hadi 150 juu ya kitako cha mbao kinachozunguka, aina inayoitwa Dobsonian. Jina limetokana na John Dobson, mtawa wa San Francisco aliyetengeneza vioo kwa mkono na kuviweka kwenye mirija ya karatasi ngumu na masanduku ya plaiwudi, ili mpita njia yeyote aweze kuchungulia. Muundo wake ni wa kutengenezeka. Mrija wenye kioo kizuri ukiupata bila stendi, fundi seremala wa mtaani kwako anaweza kukuchongea kitako kwa siku moja. Mimi nilifanya hivyo.

Ukipata ya lenzi, milimita 70 yenye fokasi ya 700 ni nzuri kwa Mwezi na sayari na haina matengenezo mengi. Kioo cha milimita 76 ni cha kuanzia tu, lakini si cha kudharau.

Kuna aina moja ya kukwepa: mrija mfupi wa nusu mita ulioandikwa fokasi ya milimita 1000. Urefu huo hauingii humo. Wameweka lenzi ya kurefusha ndani ya sehemu ya fokasi, mara nyingi ya ubora duni, na picha yake haikazi hata ukizungusha hadi alfajiri.

Ile stendi ya kitaalamu yenye uzito pembeni si bora zaidi?

Huko inakotengenezwa, ndiyo. Kwetu fikiri mara mbili, na hili sijaona likielezwa vya kutosha.

Stendi ile hufanya kazi kwa kuelekeza mhimili wake kwenye ncha ya anga, mahali ambapo nyota zote huonekana kulizunguka. Urefu wa ncha hiyo juu ya upeo wa macho ni sawa na latitudo yako. Mtu wa London anaitafuta nyuzi 51 juu, na nyota ya kaskazini iko palepale kumsaidia. Tanga iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Ncha ya kusini iko nyuzi 5 tu juu ya upeo, nyuma ya minazi na nyumba za watu, wala hapana nyota angavu ya kuionyesha. Nairobi ni nyuzi 1 na kidogo, yaani karibu ardhini. Stendi nyingi za bei nafuu hazishuki kiasi hicho, na hata zikishuka, fimbo ya uzito hugonga mguu wa stendi. Unalipa zaidi, unabeba zaidi, halafu inakataa.

Malipo yetu kwa tabu hiyo ni makubwa. Tunaona karibu anga lote, la kaskazini na la kusini. Katikati ya Njia Nyeupe, upande wa Nge na Mshale, kwetu hupanda karibu na utosi usiku wa Julai na Agosti. Kusini mwa Uingereza eneo hilohilo huinuka kama nyuzi 10 tu, ndani ya ukungu wa upeo. Sayari nazo hupita juu sana kwetu, ambako tabaka la hewa ni jembamba. Tatizo dogo ni kwamba kitako cha Dobsonian ni kigumu kuongoza kitu kikiwa utosini kabisa. Subiri saa moja, kitashuka.

Nimeshanunua ya dukani yenye boksi la x525. Nimepoteza fedha?

Hukupoteza yote. Nami nilianza hivyo, kwenye duka ambalo sitalitaja, na kwa miezi miwili niliamini macho yangu ndiyo mabovu. Toa lenzi ndogo kuliko zote, ile ya milimita 4, na ile ya kuzidisha mara tatu, viweke kando. Tumia lenzi yenye namba kubwa zaidi, milimita 20 au 25. Kisha shughulikia miguu: usiirefushe, iache ikiwa mifupi ukae kwenye kigoda, na katikati ya miguu ning'iniza dumu la lita tano lililojaa maji. Gusa mrija kwa kidole uhesabu. Kabla ya dumu, yangu ilitetemeka kwa sekunde sita. Baada ya dumu, mbili.

Kishikizi cha simu ni ghali. Naweza kutengeneza?

Ndiyo, na changu cha kwanza kilinigharimu kava la simu na kipande cha bomba.

Nunua kava gumu la simu yako, la bei ya chini kuliko yote, si lile laini linalopinda. Pima kwa nje unene wa kichwa cha lenzi ya jicho, kwa sababu hazilingani. Nenda duka la vifaa vya ujenzi na lenzi yenyewe mfukoni, ujaribu vipande vya bomba la plastiki hadi upate kinachoingia kwa kubana kidogo. Kikilegea, zungushia utepe wa umeme kwa ndani. Kata kipande cha sentimita tatu na ukisugue kwa msasa hadi kikae wima mezani bila kuyumba. Kama kimekatwa upande, simu itainama na nusu ya picha itakuwa na ukungu.

Sasa sehemu ya kutulia. Vaa simu kava, washa kamera, shika bomba nyuma ya tundu la kamera kuu ukiwa umeelekea ukuta mweupe. Sogeza hadi duara la mwanga likae katikati ya kioo cha simu. Weka alama kwa kalamu. Vua kava, kisha gundisha kwa gundi ya epoksi, ile ya kuchanganya mbili, na uiache usiku kucha. Gundi ya haraka huachia kwenye joto la kwetu, na simu itakayoanguka ni yako. Mwisho, paka rangi nyeusi isiyong'aa ndani ya bomba.

Siku utakayotaka kununua, tafuta chenye skrubu za kusogeza simu pande zote na uzito mdogo. Simu nzito huinamisha mrija wa darubini ndogo, kwa hiyo funga kitu upande wa pili kusawazisha. Mimi hutumia sumaku ya spika mbovu.

Mwezi niupige siku gani?

Usisubiri mwezi mpevu. Mwanga wa jua ukiwa unaupiga uso mzima kutoka mbele, hakuna vivuli, na pasipo vivuli hakuna milima. Siku bora ni kuanzia siku ya nne hadi ya kumi baada ya kuandama. Elekeza darubini kwenye mpaka wa mwanga na giza. Hapo jua ndilo linachomoza juu ya Mwezi, na ukingo wa kila shimo unatupa kivuli kirefu.

Ukifika siku ya nane au ya tisa, angalia shimo la Copernicus, lenye upana wa kilomita 93 hivi: kuta zake zimeshuka kwa ngazi na katikati vimesimama vilima. Kusini kuna Tycho, kilomita 85. Kuna jioni niliacha picha nikamwita bibi wa nyumba ya jirani achungulie kabla Mwezi haujaingia mawinguni. Alikaa muda mrefu jicho kwenye lenzi, mkono mmoja ameshika ushungi usianguke. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, kumbe una makovu ya ndui, na sisi tumeuimbia uzuri miaka yote." Akaomba kuona tena.

Simu niipange vipi?

Ingia kwenye hali ya Pro, ile ya kupanga kamera kwa mkono. Kwa nusu mwezi kwa ukuzaji wa mara 45, anza na ISO 100 (ISO ni wepesi wa kamera kunasa mwanga) na shata, yaani muda wa kupokea mwanga, kati ya sekunde 1/125 na 1/500, na mwezi mpevu uende hadi 1/1000 au zaidi. Afadhali picha iwe na giza kidogo, kwa sababu sehemu iliyoungua kwa mwanga hairudi tena. Kama simu haina Pro, gusa Mwezi kwenye kioo, shikilia kidole hadi fokasi na mwanga vijifunge, kisha shusha mwanga kwa kuburuta.

Tumia kamera kuu peke yake. Simu zenye kamera tatu hupenda kuhama zenyewe kutoka lenzi moja kwenda nyingine, na picha ikitoweka ghafla, hiyo ndiyo sababu. Usivute picha kwa vidole zaidi ya mara mbili. Weka taima ya sekunde tatu, au tumia waya wa sikioni wenye kitufe cha sauti, kwa maana kugusa kioo cha simu ni kugusa darubini.

Kaza fokasi kwa darubini, si kwa simu. Zungusha taratibu, pita kidogo, rudi. Kwa sayari, kaza kwanza kwenye nyota angavu hadi iwe nukta ndogo kuliko zote.

Simu ya rafiki yangu inapiga mwezi mkali bila darubini. Kwa nini nihangaike?

Simu kadhaa za kisasa huutambua Mwezi na kuusaidia kwa programu, na msaada huo unaweza kuongeza undani ambao lenzi haikuuona. Zima hali ya kuboresha mandhari kabla ya kupiga kwa darubini, la sivyo hutajua kipi umekipata na kipi umepewa. Kwangu hili ni jambo zito. Kivuli kile ndani ya Copernicus nakitaka kwa sababu kilikuwapo saa ile, usiku ule.

Mshtarii inatoka kama taa nyeupe. Nakosea wapi?

Mwanga umezidi. Sayari ni duara dogo katikati ya weusi, na simu ikijaribu kuangaza ule weusi inaiunguza sayari. Panga kwa mkono: kwa ukuzaji wa mara 90, ISO 100 hadi 200 na shata 1/60 hadi 1/125 kwa Mshtarii. Kwa Zohali, ambayo ina mwanga mdogo zaidi, panda hadi ISO 400. Kwenye Mshtarii utaona mikanda miwili ya mawingu. Miezi yake minne aliyoiona Galileo mwaka 1610 haitatoka kwa mpangilio huo, kwa hiyo piga picha ya pili yenye mwanga mwingi kwa ajili yake.

Kisha acha picha moja moja, chukua video. Hewa iliyo juu yetu inachemka kama maji ya ugali, na sayari inacheza ndani yake. Katika video ya sekunde 90 kwa fremu 60 kila sekunde unapata fremu 5,400, na ndani yake zimo chache ambazo hewa ilitulia kwa nukta. Hizo ndizo unazozitafuta.

Dunia nayo inazunguka. Kwa ukuzaji wa mara 90 sayari huvuka duara la lenzi kwa dakika mbili hivi. Iweke ukingoni, toa mkono, subiri mtetemo uishe, iache ielee hadi upande wa pili, kisha irudishe. Kwa Mshtarii usiunganishe video za zaidi ya dakika tatu, kwa sababu yenyewe hujizungusha kwa muda usiofika saa 10 na alama zake huhama.

Muda wa kuzipiga Zohali, Mshtarii na Mirihi ni pale Dunia inapokuwa kati ya sayari na jua: Zohali mwanzoni mwa Oktoba 2026, Mshtarii na Mirihi Februari 2027. Pete za Zohali zilikuwa zimelala ubavu Machi 2025, sasa zinafunguka mwaka hadi mwaka.

Kupandanisha picha ni nini, na programu zake ni bei gani?

Bure. Kupandanisha ni kuweka fremu nyingi moja juu ya nyingine na kuchukua wastani wake. Kile kilichopo kweli kinabaki, chenga, zile nukta za ovyo kwenye picha, zinafutana. Chenga hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi: fremu 100 zinazipunguza mara 10, fremu 400 mara 20. Kwa hiyo kutoka fremu 1 hadi 100 utapiga kelele kwa furaha, na kutoka 1,000 hadi 2,000 hutaona tofauti kubwa.

Kwa Mwezi na sayari: PIPP kugeuza video ya simu na kuiweka sayari katikati, AutoStakkert! kuchagua na kupandanisha, RegiStax kunoa. Kwa nyota na nebula: Siril au DeepSkyStacker. Kumalizia: GIMP. Zote ni za bure. Zinahitaji kompyuta, na AutoStakkert! imetengenezwa kwa Windows. Laptopu ya zamani inaweza, ila itachukua muda. Kama huna, hifadhi video zako kwenye kadi na uombe kompyuta ya mtu mwisho wa wiki. Mimi nilifanya hivyo mwaka mzima.

Mwanzo chagua robo ya fremu zilizo bora. Kwenye kunoa, simama mapema. Ukiona pete nyeupe imezunguka sayari au mashimo ya Mwezi yanaonekana kama yamechongwa kwa kisu, umepita, rudi nyuma.

Na nebula je? Bila injini ya kufuata nyota?

Inawezekana kwa chache zilizo angavu. Kanuni ya mkono: gawanya 500 kwa urefu wa fokasi, jibu ni sekunde unazoweza kuacha shata wazi kabla nyota hazijawa mistari. Simu juu ya lenzi ya jicho ya mara 25, kama kamera ya simu ni sawa na milimita 26, inafanya kazi kama lenzi ya milimita 650. Yaani chini ya sekunde moja. Kwa hiyo piga picha 200 au 300 za nusu sekunde kwa ISO 1600 au 3200, ukiirudisha darubini katikati kila baada ya picha chache, kisha uzipandanishe. Kwa Siril piga na picha 20 ukiwa umefunika mdomo wa darubini, programu itazitumia kuondoa kasoro za sensa.

Wingu la Orion ni la Desemba hadi Machi. Picha yangu ya kwanza ilitoka kama moshi wa kijivu wenye ubawa mmoja na nyota nne ndogo zilizobanana ndani yake, na sikulala. Aprili hadi Juni geukia kusini: nebula ya Carina, kisha Omega Centauri, kishada cha nyota zisizohesabika ambacho wapigapicha wa Ulaya kaskazini hawakioni kabisa. Tunayo angani bure, na ni wachache mno kati yetu wanaoipiga.

Hapa giza ni muhimu. Mwezi na sayari utazipiga katikati ya Kariakoo bila hasara, lakini kwa nebula ondoka mjini, au ngoja umeme ukatike. Usiku kama huo mtaani kwetu wengine hutafuta mishumaa, mimi hutafuta ngazi.

Naweza kupiga Jua?

Kwa kichujio kamili kinachofunika mdomo wa darubini kwa mbele, na kwa njia hiyo tu. Karatasi maalumu ya kichujio cha jua ya kutazamia kwa macho hupitisha sehemu 1 kati ya 100,000 ya mwanga. Inunue kwa muuzaji wa vifaa vya darubini, ishike juu kuelekea taa na uitafute tundu kila kabla ya kutumia, uifunge kwa utepe upepo usiivue.

Darubini nyingi za bei ya chini huja na kioo kidogo cheusi kilichoandikwa jua, cha kufunga kwenye lenzi ya jicho. Kivunje leo ukitupe. Kinakaa pale mwanga wote ulipokusanyika, kinapata moto, kinapasuka, na jicho liko nyuma yake. Filamu ya eksirei, miwani ya jua na kioo cha moshi havifai. Na ile darubini ndogo ya kulengea ifunike pia, watoto huichungulia.

Nalisema mapema kwa sababu ya kupatwa kwa jua kwa tarehe 2 Agosti 2027. Ukanda wa kupatwa kikamilifu utapita Misri, ambako karibu na Luxor giza litazidi dakika sita, kisha Saudi Arabia, Yemen na Somalia. Sisi wa Kenya na Tanzania tutaona sehemu. Wengi wanakumbuka tarehe 1 Septemba 2016 kule Rujewa, Mbeya, jua lilipobaki pete. Ukitaka kichujio, kiagize mapema.

Mwezi mwandamo unapigika?

Unapigika na ni mgumu. Mwezi wa siku ya kwanza ni uzi, uko chini, na anga bado jeupe. Subiri jua lizame kabisa kabla hujaelekeza darubini upande ule. Anza na ukuzaji mdogo kuliko wote, kwa maana kazi ni kuupata. Programu ya Stellarium itakuonyesha utakaa wapi na saa ngapi. Siku ya pili na ya tatu ni rahisi zaidi, na ukiongeza mwanga utaona sehemu yake ya giza ikimulikwa hafifu. Ni mwanga wa Dunia yetu uliorudi huko.

Hali ya hewa ya pwani haiharibu vifaa?

Huharibu, tena kimyakimya. Chumvi hula skrubu na kuvu huota kwenye lenzi. Baada ya kila usiku iache darubini wazi chumbani hadi ikauke, ndipo uifunike. Kuifunika ikiwa na umande ni kupanda kuvu. Weka lenzi kwenye chombo cha plastiki chenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vifuko vya kukausha vinavyokuja kwenye viatu vipya. Kwa umande wakati wa kupiga, zungushia mdomo wa darubini karatasi ya manila iliyopakwa rangi nyeusi, itokeze mbele sentimita 20.

Majira yetu bora ni Juni hadi Septemba, ila kusi hutikisa mrija, kwa hiyo jikinge nyuma ya ukuta. Januari na Februari pia kuna nyusiku nzuri. Masika pumzika, tengeneza vifaa. Toa darubini nje nusu saa kabla ili ipoe, na usipige sayari iliyo juu kidogo tu ya mabati ya jirani: mabati hutoa joto la mchana hadi usiku wa manane. Paa langu la zege lina tatizo hilohilo, ndiyo maana picha zangu nzuri za sayari ni za saa tisa usiku na kuendelea.

Kioo kina vumbi. Nikifute?

Usikifute. Vumbi jingi halionekani kwenye picha, mkwaruzo unaonekana daima, na utando wake wa alumini ni mwembamba mno. Kanga safi pia hukwaruza. Pulizia kwa pampu ya mpira. Kikizidi kabisa, toa kioo, kisuuze kwa maji yaliyochujwa na tone la sabuni ya vyombo bila kusugua, kikauke kimesimama.

Kinachoharibu picha zaidi ni vioo kutokulingana. Elekeza nyota angavu, iweke katikati, ivuruge fokasi hadi iwe duara lenye tundu. Tundu likiwa katikati, uko sawa. Likiwa upande mmoja, zungusha skrubu tatu za nyuma ya kioo kidogokidogo, robo mzunguko kila mara, ukirudisha nyota katikati.

Hizi darubini mpya zinazojiendesha zenyewe, kama Seestar S50?

Ni kifaa kizuri kwa nebula, na bei yake ingetosha kununua darubini kadhaa kama yangu. Kwa sayari inazidiwa na kioo cha 114, kwa sababu lenzi yake ni ya milimita 50. Kama mko watu watano, changeni.

Majirani watasemaje mtu akiwa juu ya paa usiku wa manane?

Watasema, na wana haki. Mwambie mjumbe wa mtaa kabla hujaanza, na jioni ya kwanza waite watu wachungulie Mwezi. Usielekeze mrija chini kwenye madirisha hata kwa kujaribu. Kwangu sasa watoto ndio hunikumbusha kwamba Zohali imetoka.

Nikipata fedha kidogo zaidi, ninunue nini kwanza?

Lenzi moja ya jicho nzuri, ya milimita 25 au 32. Kisha lenzi ya Barlow, ile ya kuzidisha ukuzaji, ya mara mbili. Kamera ya sayari ya USB ifuate baadaye, kama una laptopu ya kubeba. Kamera kubwa ya kubadilisha lenzi isubiri, kwa sababu darubini nyingi ndogo za kioo hazifiki fokasi nayo bila Barlow, na uzito wake unaangusha mrija.

Picha nizihifadhi vipi?

Weka video asili, si picha iliyonolewa peke yake. Programu huboreka na mkono wako pia: video ya Mshtarii niliyoiona haina maana mwaka wa kwanza niliipandanisha upya mwaka wa tatu, nikakuta kivuli cha mwezi wake mmoja kimekaa juu ya mawingu, nukta nyeusi kama ya kalamu. Kila faili lipe jina lenye tarehe, saa, mahali, lenzi uliyotumia na hali ya hewa. Picha ikitumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida hubanwa na kupoteza undani, itume kama dokumenti.